Karl Ferdinand Braun

Karl Ferdinand Braun (Fulda, Ujerumani, 6 Juni 1850 – Brooklyn, New York, Marekani, 20 Aprili 1918) alikuwa mwanafizikia, mwalimu na mvumbuzi kutoka nchi ya Ujerumani. Mwaka 1909 alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mwitalia Guglielmo Marconi kwa mchango wao katika kuendeleza simu ya upepo, yaani telegrafu isiyotumia waya.

Braun anakumbukwa kwa mambo manne. Aligundua kwamba fuwele za madini fulani hupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine. Alitengeneza neli ya miali ya kathodi, iliyokuja kuwa kioo cha runinga kwa miaka mingi. Aliboresha mtambo wa kurusha mawimbi ya redio ili uwe na nguvu zaidi. Tena alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba mawimbi ya redio yanaweza kuelekezwa upande mmoja kwa kutumia antena kadhaa kwa pamoja. Jambo hili la mwisho ndilo msingi wa kile ambacho mafundi wa redio leo huita gaini ya antena.

Utoto na masomo

Braun alizaliwa katika mji wa Fulda, katikati ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika mahakama. Kaka yake Wunibald alikuja kuwa mmoja wa wenye kiwanda cha vifaa vya kupimia umeme kilichojulikana kama Hartmann & Braun.

Baada ya masomo ya sekondari mjini Fulda, Braun alisoma katika Chuo Kikuu cha Marburg, kisha akahamia Berlin. Huko alipata shahada ya udaktari mwaka 1872 kwa utafiti juu ya mitetemo ya nyuzi. Alifanya kazi kama msaidizi wa profesa Georg Quincke, hasa mjini Würzburg. Kwa kuwa mshahara wa msaidizi ulikuwa mdogo, alifanya mtihani wa serikali wa kumwezesha kufundisha sekondari.

Mwalimu wa sekondari

Mwaka 1874 Braun aliajiriwa kufundisha katika shule ya Thomasschule mjini Leipzig. Mbali na vipindi vya darasani, aliendelea na majaribio yake. Aliandika pia kitabu cha kuwafundisha vijana hisabati na sayansi ya maumbile kwa njia nyepesi.

Mwaka huohuo alitangaza ugunduzi wake wa kwanza mkubwa. Alikuwa akipitisha umeme katika fuwele za madini yenye salfa, kama vile galena, ambayo ni madini ya risasi. Kwa kawaida, ukigeuza nguzo za betri, waya wa shaba hupitisha mkondo uleule kama mwanzo, ila tu kwa upande wa pili. Fuwele hizo hazikufanya hivyo. Zilipoguswa na ncha ya waya, zilipitisha umeme kwa urahisi upande mmoja na kuuzuia upande mwingine.

Wanasayansi wengi wa wakati ule hawakushawishika, kwa sababu jambo hilo lilipingana na kanuni ya Ohm iliyofundishwa kila mahali. Wala hapakuwa na matumizi yoyote kwa ugunduzi huo. Ilipita takribani robo karne kabla ya Braun mwenyewe kuitumia fuwele kupokea mawimbi ya redio. Baadaye redio za fuwele, zisizohitaji betri, zilisambaa duniani. Diodi zilizomo leo katika chaja ya simu na katika mitambo ya umeme wa jua hufanya kazi ileile ya kupitisha umeme upande mmoja. Kwa hiyo fani ya nusu vipitishi ina mzizi mmoja katika kazi ya mwalimu wa sekondari aliyekuwa na umri wa miaka 24.

Profesa

Kuanzia mwaka 1877 Braun alifundisha katika vyuo vikuu vya Marburg, Strasbourg, Karlsruhe na Tübingen. Mwaka 1885 alimwoa Amélie Bühler, nao wakapata watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Mwaka 1895 alirudi Strasbourg akiwa mkuu wa taasisi ya fizikia, na hapo ndipo alipofanya kazi zake zilizompatia sifa. Wakati huo Strasbourg ilikuwa chini ya Ujerumani. Leo ni mji wa Ufaransa.

Mwaka 1897 alitangaza neli iliyobeba jina lake. Ilikuwa chupa ndefu ya kioo iliyotolewa hewa ndani yake. Upande mmoja palikuwa na kathodi iliyotoa miali, ambayo leo tunajua kuwa ni mkondo wa elektroni. Upande wa pili palikuwa na kiwambo kilichopakwa dawa inayong'aa inapopigwa na miali hiyo. Sumaku iliyowekwa kando ya neli ilivuta miali huku na kule kufuatana na mabadiliko ya umeme, na nukta ya mwanga ikachora mabadiliko hayo machoni pa mtazamaji. Kwa njia hiyo mtu aliweza kuona umbo la mkondo unaobadilika mara nyingi kwa sekunde.

Braun hakuichukulia neli hiyo hataza. Aliichapisha ili watafiti wengine waitumie. Msaidizi wake Jonathan Zenneck aliiboresha, ikawa chanzo cha osiloskopu inayotumika katika maabara. Wavumbuzi wengine waliitumia kuonyesha picha, na hatimaye ikazaa runinga zenye mgongo mkubwa zilizokuwa majumbani kabla ya kuja runinga bapa. Katika nchi kadhaa neli hiyo bado huitwa neli ya Braun.

Kazi katika simu ya upepo

Heinrich Hertz alikuwa amethibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio miaka ya 1886 hadi 1888, na Marconi alianza kuyatumia kupeleka ujumbe kuanzia mwaka 1895. Katika mtambo wa Marconi wa mwanzo, pengo la cheche lilikuwa ndani ya antena yenyewe. Umeme ulijazwa katika antena, cheche ikaruka, na mawimbi yakatoka.

Braun alianza kushughulikia suala hilo mwaka 1898. Aliona kwamba mpango huo una kikomo. Antena ni waya tu, nayo haiwezi kuhifadhi umeme mwingi. Ukirefusha pengo ili kupata volti kubwa zaidi, cheche hugeuka kuwa kizuizi na kula nishati. Matokeo yake ni wimbi linalozimika upesi, mithili ya ngoma iliyopigwa mara moja na kunyamaza.

Suluhisho lake lilikuwa kuitoa cheche nje ya antena. Aliiweka katika saketi iliyofungwa, yenye kapasita za kuhifadhi umeme na koili. Nishati ilihamishwa kutoka saketi hiyo kwenda kwenye antena kwa njia ya sumaku, kama inavyofanyika katika transfoma. Saketi zote mbili zilipangwa zitetemeke kwa kasi moja. Kwa njia hiyo mtambo uliweza kubeba nishati nyingi, mawimbi yakadumu zaidi, na mpokeaji aliweza kuchagua kituo kimoja na kuviacha vingine. Mwezi Septemba 1900 mtambo wake ulipeleka ujumbe kutoka Cuxhaven, kwenye pwani ya kaskazini ya Ujerumani, hadi kisiwa cha Heligoland, umbali wa kilomita 62.

Mwaka 1903 makampuni ya Siemens & Halske na AEG yaliunganisha shughuli zao za redio, pamoja na hataza za Braun, na kuunda kampuni ya Telefunken. Kampuni hiyo ikawa mshindani mkubwa wa Marconi katika kujenga vituo vya redio duniani.

Kuelekeza mawimbi

Antena moja iliyosimama wima hurusha mawimbi pande zote za dunia kwa usawa. Sehemu kubwa ya nishati hupotea mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Mwaka 1905, katika uwanja ulio karibu na Strasbourg, Braun alisimamisha antena tatu kwenye pembe za pembetatu yenye pande sawa. Hakuzipa umeme zote kwa wakati mmoja. Mtetemo wa antena moja ulicheleweshwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ukilinganishwa na wa nyingine.

Kilichotokea kinaweza kueleweka kwa kufikiria mawimbi ya maji. Ukitupa mawe mawili bwawani, mahali ambapo migongo ya mawimbi hukutana pamoja, maji huinuka zaidi. Mahali ambapo mgongo hukutana na bonde, maji hutulia. Vivyo hivyo mawimbi ya antena za Braun yalijumlishana upande mmoja na kupunguzana upande wa pili. Kwa kubadilisha antena ipi icheleweshwe, aliweza kugeuza upande wenye nguvu bila kusogeza mlingoti hata mmoja. Antena za aina hii hutumika leo katika rada na katika vituo vya simu za mkononi.

Gaini na nguvu fanisi

Jambo ambalo Braun alilionyesha uwanjani hupimwa leo kwa hesabu mbili zinazotumiwa sana katika redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaorusha na kupokea mawimbi kwa kujifunza na si kwa biashara. Nchini Tanzania watu hao hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na alama zao za wito huanza na 5H.

Hesabu ya kwanza ni gaini ya antena. Gaini huonyesha antena inakusanya nishati kiasi gani kuelekea upande wake bora, ikilinganishwa na antena ya mfano. Mara nyingi antena ya mfano ni dipoli, yaani waya mbili zilizonyooshwa na kulishwa umeme katikati. Gaini hutajwa kwa desibeli. Desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu takribani mara 2, desibeli 6 mara 4, na desibeli 9 mara 8.

Hesabu ya pili ni nguvu fanisi ya mnururisho. Hii ni nguvu ya mtambo, ukitoa inayopotea katika kebo, kisha ukazidisha kwa gaini ya antena. Tuchukue mfano wa mtu mwenye leseni aliyeko Oldonyo Sambu, kwenye miteremko ya kaskazini-magharibi ya Mlima Meru, anayetaka kuzungumza na mwenzake wa Longido, upande wa kaskazini. Mtambo wake unatoa wati 50. Kebo yake ndefu inapoteza desibeli 3, kwa hiyo zinazofika kwenye antena ni wati 25 tu. Antena yake ina gaini ya desibeli 9 kuliko dipoli. Wati 25 mara 8 ni wati 200. Hiyo ndiyo nguvu fanisi kuelekea Longido.

Mwanafunzi asidhani kwamba wati 175 zimezaliwa hewani. Antena haitengenezi nishati. Inafanya kazi ya kioo kilicho nyuma ya balbu ya tochi: balbu ni ileile, lakini mwanga uliokuwa ukienda kila upande umekusanywa mbele. Kinachoongezeka mbele kimepungua nyuma na ubavuni. Mfano huohuo unaonyesha pia kwamba kubadilisha kebo mbovu kunaweza kuleta faida sawa na kununua mtambo wenye nguvu maradufu.

Tahadhari nyingine inahusu antena ya mfano. Baadhi ya watengenezaji hawalinganishi na dipoli bali na antena ya kufikirika inayorusha nishati sawasawa pande zote, juu na chini. Wakifanya hivyo tarakimu ya gaini huwa kubwa zaidi kwa desibeli 2.15, ingawa antena ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha antena mbili ni lazima kujua kila moja imelinganishwa na nini.

Tena gaini ina mipaka yake. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, umesimama kati ya Oldonyo Sambu na Usa River. Mawimbi mafupi sana, yanayosafiri kwa mstari ulionyooka, hayawezi kuupenya mlima huo hata antena ikiwa na gaini kubwa namna gani. Hapo hutafutwa njia nyingine, kama vile kituo cha kurudia mawimbi kilichowekwa mahali palipoinuka.

Vituo vya Telefunken Afrika Mashariki

Braun mwenyewe hakufika Afrika Mashariki, lakini kazi yake ilifika. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kijerumani ilikuwa na vituo vya redio vya Telefunken huko Mwanza na Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, na Dar es Salaam kwenye pwani. Kituo kikubwa zaidi cha Ujerumani barani Afrika kilijengwa Kamina, nchini Togo, kwa ajili ya kuunganisha makoloni na kituo cha Nauen karibu na Berlin.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Waingereza walikata nyaya za simu za Ujerumani zilizopita chini ya bahari. Kuanzia hapo redio ikawa njia muhimu ya haraka ya Wajerumani kuwasiliana na ng'ambo, na kila mnara wa redio ukawa shabaha ya vita. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza HMS Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam na kupiga mizinga, ikilenga kituo cha redio. Mnara wa kituo hicho uliangushwa siku hiyohiyo. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 mwezi huohuo, Wajerumani wenyewe walikibomoa kituo cha Kamina ili kisiangukie mikononi mwa maadui. Hivyo vita vilivyoleta njaa na vifo kwa wakazi wa Tanganyika, pamoja na maelfu ya wapagazi waliolazimishwa kubeba mizigo ya majeshi, vilianza pwani kwa kupigania mlingoti wa antena.

Miaka ya mwisho na kifo

Vita hivyohivyo vilimfikia Braun. Telefunken ilikuwa na kituo huko Sayville, jimbo la New York, kilichowasiliana na Nauen. Marekani haikuwa bado vitani, na kwa kuwa nyaya zilikuwa zimekatwa, Sayville kilikuwa kiungo muhimu kati ya nchi hizo mbili. Upande wa Marconi ulidai mahakamani kwamba kituo hicho kilitumia hataza zake. Kama dai hilo lingeshinda, kituo kingeweza kufungwa.

Mwezi Desemba 1914 Braun, mwenye umri wa miaka 64 na afya mbaya, alivuka Atlantiki pamoja na Zenneck ili kutoa ushahidi. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu asimame Stockholm pamoja na Marconi kupokea tuzo moja. Sasa kazi za watu hao wawili zilikuwa zikipambanishwa mahakamani.

Kesi ilichelewa, na Braun hakuweza kurudi nyumbani. Bahari ilikuwa chini ya ulinzi wa manowari za Kiingereza, na ugonjwa wake ulizidi. Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917, alihesabiwa kuwa raia wa nchi adui. Hata hivyo hakufungwa gerezani, bali aliruhusiwa kuishi kwa mwanawe huko Brooklyn. Alifariki huko tarehe 20 Aprili 1918, miezi saba hivi kabla ya vita kumalizika. Majivu yake yalirudishwa Ujerumani na kuzikwa Fulda mwaka 1921.

Kumbukumbu

Jina la Braun halifahamiki kama la Marconi. Marconi aliongoza kampuni iliyobeba jina lake, wakati Braun alibaki profesa, na uvumbuzi wake mmoja mkubwa aliuacha utumiwe na kila mtu. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa vioo vya kuonyeshea picha hutoa tuzo yenye jina lake kwa wavumbuzi wa fani hiyo.

Katika maisha ya kila siku kumbukumbu yake ni antena. Kila fundi anayepanda juu ya paa kuigeuza antena ya runinga taratibu, huku mtu wa ndani akimwambia kama picha imekuwa safi, anatumia kanuni ambayo Braun aliionyesha kwa milingoti mitatu mwaka 1905: nguvu ya mtambo peke yake haitoshi, ni lazima pia ielekezwe panapostahili.